Nilijenga nyumba kwa kisima cha mjomba

Mjomba wangu ana nondo ya milimita 12, ndefu kumzidi yeye mwenyewe, aliyoniomba siku tulipomaliza kumwaga linta ya nyumba yangu. Fundi alikuwa ameshaipigia hesabu ya chuma chakavu. Mjomba akaiwahi, akaifunga kwa mpira wa baiskeli juu ya keria ya basi, akaenda nayo kijijini. Mimi nikadhani anataka kigingi cha kufungia ng'ombe. Kumbe aliitia vijino kwa msumeno wa chuma, kimoja kila baada ya shubiri, halafu akaizungushia mikanda ya rangi nyekundu iliyobaki kwenye mlango wake. Kila ifikapo Septemba anashuka nayo korongoni, anaipigilia mchangani kwa nyundo, anaizungusha, anaivuta polepole. Mchanga uliolowa hung'ang'ania kwenye vijino, mkavu hudondoka. Anahesabu mikanda, anajua maji yako chini kiasi gani na kijiji kimebakiwa na miezi mingapi ya kunywa kabla mvua haijarudi.

"Hapa naangalia salio," aliniambia mara ya kwanza nilipomkuta akifanya hivyo.

Kijiji kiko wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, na korongo lenyewe humwaga maji yake mto Kinyasungwe. Mgeni kutoka Pwani akiliona mwezi wa tisa atasema mto umekufa. Ni barabara pana ya mchanga mweupe, mbuzi wanakatiza, watoto wanacheza mpira. Kwetu mvua huanza Desemba, ikichelewa Januari, ikaisha Aprili. Kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 570, na nyingi kati ya hizo hushuka kwa mapigo machache. Korongo linaweza kupitisha maji siku kumi na tano tu katika mwaka. Maji hushuka kwa kishindo, mekundu, yamebeba magogo na wakati mwingine ndama wa mtu, kesho yake hayapo. Miezi saba inayofuata ni jua.

Lakini mto haujafa. Umejifunika.

Nikiwa mdogo nilikuwa napelekwa likizo kwa bibi, mzaa mama, na kazi yangu ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kumfuata korongoni. Kila ukoo ulikuwa na shimo lake. Unachimba kwa mikono, halafu kwa bakuli, mpaka mchanga ubadilike rangi uwe kama sukari guru, halafu maji yanaanza kujikusanya chini yenyewe, taratibu. Ya kwanza yana tope, unayamwaga. Ya pili unawapa kuku. Ya tatu unakaa kimya unayangoja, na yakijaa kiganja unayachota kwa kata ya kibuyu, unajaza ndoo kata kwa kata. Juni shimo linaishia gotini. Agosti linaishia kiunoni. Oktoba mchimbaji haonekani, unaona tu kata ikitokea ardhini na mkono. Mimi kwa kuwa nilikuwa mwepesi ndiye niliyeshushwa. Mara moja ukuta wa mchanga ulinimwagikia mpaka kifuani, na bibi akanivuta kwa kola ya shati huku akimtukana mtu ambaye sikumwona, nadhani alikuwa babu, ambaye tayari alikuwa marehemu.

Na kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika. Shimo lizungushiwe matawi ya mgunga ili ng'ombe wasiingie. Ng'ombe wana shimo lao, chini zaidi mkondoni, kamwe si juu ya la watu. Viatu vinaachwa kingoni. Mpita njia hanyimwi maji ya kunywa, ila akitaka kujaza dumu asubiri mwenye shimo amalize. Ukitaka kujua ni nani amekosana na nani kijijini, angalia mashimo yalivyopangana.

Yalikuwa matamu maji yale. Nasema hivi kwa kuwa kijiji kilikuja kuchimbiwa kisima kirefu cha pampu, tukashangilia, ngoma ikapigwa, halafu tukayaonja. Chumvi. Sehemu kubwa ya Dodoma iko hivyo: ukienda chini sana kwenye miamba yetu unakuta maji yaliyokaa na mawe muda mrefu mno. Sabuni haitoi povu, chai haikolei, birika linajenga ganda jeupe ndani ambalo unalibandua kwa kisu kama magamba ya samaki. Kisima kile kinasaidia, hakuna anayebisha. Kinanywesha mifugo na kufulia. Ila maji ya kupikia na ya mtoto mchanga yaliendelea kutoka korongoni, na yanatoka huko hadi leo.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kinachotokea chini ya ule mchanga. Chembe za mchanga haziwezi kushikana zikaziba kila nafasi. Katikati yake, karibu theluthi ya ujazo wote ni uwazi. Mafuriko yakipita, uwazi ule hujaa maji. Chini kuna mwamba au udongo wa mfinyanzi unaozuia yasizame moja kwa moja. Juu, mchanga wenyewe ni kifuniko: maji yakishashuka chini ya sentimita sitini hivi, jua haliyapati tena kirahisi. Linganisha na lambo la wazi. Hapa kwetu jua na upepo vinaweza kunyanyua karibu mita mbili za maji kwa mwaka kutoka kwenye uso wa bwawa. Lambo la kina cha mita mbili, kwa hiyo, linanyweshwa na jua kabla ya ng'ombe. Korongo ni tangi lenye mfuniko na chujio, hakuna aliyelijenga, na mbu hawatagi ndani yake.

Hilo la kwanza. La pili ni nyumba yangu.

Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia Dodoma. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa tangu 1973, wengi tulishauchukulia kama ahadi ya mtu anayekudai. Safari hii wakaja kweli. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu kama 411,000 katika manispaa. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000 jijini. Nenda Mtumba uone Mji wa Serikali, pita barabara ya mzunguko yenye kilomita zaidi ya mia moja, tazama uwanja wa ndege wa Msalato, halafu ongeza nyumba za kila mtumishi, kila mfanyabiashara na kila mwalimu aliyekopa ili asipitwe. Vyote hivyo ni saruji, kokoto, nondo na mchanga. Saruji inatoka kiwandani, nondo zinatoka mbali. Mchanga unatoka hapa hapa.

Nami nilikopa. Kiwanja nilipata upande wa mashariki, na siku ya kuanza msingi fundi aliniuliza swali moja tu la maana: "Bosi, mchanga wa shimo au wa mtoni?" Wa shimo una udongo, plasta inapasuka. Wa mtoni ni mweupe, umeshaoshwa na maji, tofali linashika. Tofauti ya bei si kubwa. Nikasema wa mtoni, kama ambavyo ungesema wewe.

Tipa zilikuwa zikija usiku au alfajiri. Kwa jumla nilinunua tripu kumi na nne kabla ya rangi ya mwisho. Kwenye tripu ya nne, watoto wangu waliokuwa wakicheza juu ya lundo walichomwa na miiba, wakaja wanalia. Nikaenda kutazama. Ndani ya mchanga kulikuwa na matawi ya mgunga, makavu, yamekatwa kwa shoka na kupangwa kwa kupishana, yamevunjika vunjika kwa kupakiwa. Nilijua ni nini. Mtu yeyote aliyekulia Ugogo anajua. Ulikuwa uzio wa shimo la maji la mtu. Niliyatoa, nikayachoma pale uani, na sikumwambia mtu. Tripu ya tano ilikuja Alhamisi.

Ilikuwa tripu ya tisa ndipo nilipomuuliza dereva anapopakia wapi, akanitajia njia panda ya kijiji cha mjomba. Nikapiga simu. Aliyepokea ni binamu yangu, mtoto wa kwanza wa mjomba, na nyuma ya sauti yake nikasikia machepe. Alikuwa mmoja wa vijana wanaopakia. "Kaka, huo mzigo ni wako? Ungesema tungekujazia vizuri!"

Sasa tufanye hesabu, maana mimi kazi yangu ni hesabu na hii imeninyima usingizi. Tipa ndogo inabeba kama mita za ujazo 5. Tripu kumi na nne ni mita za ujazo 70. Tuseme kwa uchache kwamba kila mita ya ujazo ya mchanga uliolowa inaweza kukutolea lita 200 za maji ya kuchota. Mengine hubaki yameshikamana na chembe. Hizo ni lita 14,000, yaani madumu 700 ya lita ishirini. Kaya inayotumia madumu manne kwa siku ingekunywa siku 175. Karibu miezi sita. Kiangazi kizima cha kaya moja kiko kwenye kuta zangu. Tena si mara moja: tangi lile lilikuwa linajazwa upya kila mwaka bure, na nafasi niliyoinunua haipo tena mpaka mafuriko yalete mchanga mwingine, kama yataleta, na kama hautapakiwa kabla haujatulia.

Mtaalamu atanikosoa kwamba mchanga wa juu haushiki maji kiangazi chote, hivyo hesabu yangu inazidisha. Kweli. Ila huo wa juu ndio kifuniko. Ukiuondoa, maji yaliyokuwa salama chini ya futi tatu yanabaki chini ya futi moja, na jua linaanza kunywa. Sehemu waliyopakia kwa misimu miwili niliiona baadaye: mashimo yenye madimbwi ya kijani Juni, makavu kabisa Agosti. Na kingo zimeanza kumeguka, shamba la mtama la jirani limepungua upande mmoja kama mkate ulioumwa.

Yaliyotokea korongoni kwetu si tofauti sana na yanayotokea kwenye bomba la jiji. Kwa miongo mingi tegemeo kubwa la maji ya mji wa Dodoma limekuwa visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji. (Si Makutupora ile ya reli ya SGR, ambayo iko Manyoni, hii ni ya zabibu na JKT.) Visima vile vimepimwa kina cha maji tangu miaka ya 1950, kumbukumbu ndefu ambayo nchi nyingi za Afrika hazina, na hapa nawavulia kofia mafundi waliokuwa wanashusha kamba kila mwezi bila kujua nani atasoma. Utafiti uliochapishwa 2013 ulichukua rekodi hizo za miaka 55 ukaonyesha kitu cha kutisha na cha kufariji kwa pamoja. Maji ya chini hayajazwi kila mwaka. Miaka mingi mvua inanyesha, mtama unaota, na kisima hakipati kitu. Halafu unakuja msimu mmoja wa mvua za kupitiliza, kama El Nino ya 1997/98, unajaza kwa mara moja kinachokwenda kutumika kwa miaka. Na njia mojawapo kubwa ya maji hayo kuingia ardhini ni vitanda vya mchanga vya mito ya msimu, Kinyasungwe Ndogo na matawi yake. Mafuriko yale yale yanayokata barabara ndiyo yanayotulisha.

Kwa hiyo mchanga wa mto mkavu ni tangi la kijiji, na pia ni mdomo ambao jiji linanywea. Hilo nimelitafakari sana nikiwa kwenye foleni ya mgao, dumu mkononi, nikitazama nyumba za ghorofa zinazopanda.

Kwenye sheria, hata hivyo, mchanga si maji. Sheria ya Madini ya 2010 inauweka kwenye kundi la madini ujenzi, pamoja na kokoto na mawe. Anayetaka kuuchimba kihalali anaomba leseni ndogo ya uchimbaji, analipa mrabaha, na msimamizi wake ni Tume ya Madini, ambayo makao yake yako hapa hapa Dodoma. Maji yana sheria yake, ya 2009, na bodi za mabonde, tisa nchini. Mkoa wetu umegawanywa: upande wa Kinyasungwe uko bonde la Wami/Ruvu, upande wa Bahi uko Bonde la Kati, na unaoteremkia Mtera uko Rufiji. Huduma ya maji vijijini ikapewa RUWASA mwaka 2019. Halmashauri ina ushuru wake. Mazingira yana sheria ya 2004, ile ya mita sitini ambayo kila mkulima wa bustani anaijua kwa machungu. Ukilima mchicha ndani ya mita sitini kutoka kingo za mto unafukuzwa. Tipa yenye karatasi zake inapita kando ya mchicha ule ule, inashuka katikati ya mto wenyewe, inapakia.

Sisemi hayo kwa kumlaumu mtu. Kila sheria hapo, ukiisoma peke yake, ina mantiki. Tatizo ni kwamba mtu aliyekaa mezani aliona vitu viwili, mchanga na maji, akavipa wenyewe wawili. Korongoni ni kitu kimoja. Huwezi kuuza mtungi ukasema maji yaliyomo hayahusiki.

Mjomba na wazee wenzake walikwenda ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuuliza. Wakaambiwa, kwa upole kabisa, wakapewa na viti: mchanga ni madini, na mwenye leseni anafuata taratibu, habari za maji waulizeni watu wa maji. Wakaenda kwa watu wa maji. Hao nao, kwa upole vilevile, wakawaonyesha orodha ya vyanzo vya kijiji. Kisima cha pampu kilikuwepo. Mashimo ya korongoni hayakuwepo, kwa kuwa hayana namba, hayana pampu, na kila mwaka mvua inayafuta. Chanzo kinacholea watoto wa kijiji kizima hakimo kwenye karatasi yoyote. Mjomba alirudi na kauli moja: "Tumeambiwa tunakunywa kitu ambacho hakipo."

Ajabu ni kwamba madini mengine yalipotajwa mkoani kwetu, sote tulisimama. Rubi zilipoonekana Winza kule Mpwapwa mwaka 2007, watu walimiminika mpaka wa nje ya nchi. Watafiti wa urani walipozunguka Bahi na Manyoni, kila kijiwe cha kahawa kilikuwa na mtaalamu wa mionzi, na wakulima wa mpunga wa Bahi walihofia maji yao, na walikuwa na haki ya kuhofia. Baadaye ajali ya Fukushima ya 2011 ikaangusha bei ya urani duniani, kelele zikapungua. Wakati huo wote mchanga ulikuwa unaondoka, tripu kwa tripu, na hakuna aliyefanya kongamano. Rubi lina jina. Mchanga ni mchanga.

Na tukubali ukweli mwingine: kuna mahali mchanga ni balaa, umezidi. Fuata Kinyasungwe kuteremka mpaka Gulwe na Kidete, kabla haujawa Mkondoa na hatimaye Wami. Pale reli ya kati imekuwa ikizikwa na kuzolewa mwaka hadi mwaka. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ziliikata vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama. Sehemu ya kilichoizika ni vilima vya Ugogo vilivyobaki bila miti, udongo wetu uliosafiri. Bwawa la Hombolo, lililojengwa miaka ya 1950, nalo limekuwa likijaa tope na mchanga mpaka kina kimepungua. Kondoa hali ilifika mbali hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 ikaondoa mifugo yote kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200 ili ardhi ipumue. Wazee wa Kondoa wanaozungumzia siku ile ya kuswaga ng'ombe hadi leo sauti zao hubadilika.

Kwa nini basi tipa haziendi zilikojaa? Kwa sababu ya mafuta. Kilomita zinaongeza bei, na mnunuzi kama mimi anabishania elfu kumi. Mchanga unaochimbwa si ule unaosumbua, ni ule ulio karibu na lami. Hapo ndipo ningeanza kama ningeulizwa, ambavyo sijaulizwa: serikali yenyewe, ikiwa mnunuzi mkubwa kuliko wote jijini, ingeamua kwamba zege la majengo yake litumie mchanga wa kusafisha mabwawa na madaraja, au mchanga wa kusagwa kutoka kwenye mawe, ambao granaiti ya Dodoma inao tele. Ni ghali zaidi. Lakini huu wa korongoni nao una gharama, ila anayeilipa ni mtu aliye na ndoo kichwani.

Nilikwenda mji wa Wote, Makueni, nchini Kenya, kwa msiba wa rafiki niliyesoma naye, na nikajikuta siku ya tatu nimesimama juu ya ukuta wa mawe katikati ya mto mkavu, nikisahau kilichonileta. Wakamba wanajenga kuta fupi za kukatiza mto, zilizokaa juu ya mwamba, ili mafuriko yaache mchanga nyuma yake. Walianza kujengewa tangu enzi za mkoloni, miaka ya 1950, na vikundi vya wanakijiji katika Kitui, Machakos na Makueni vimeshajenga mamia. Sisi tunauza tangi, wenzetu wanaliunda. Na mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria yake ya mchanga, ikaunda na mamlaka ya kuisimamia, baada ya miaka ya magomvi makali na wachimbaji wanaopeleka Nairobi. Kilichonivutia ni jina la ile sheria: uhifadhi umetajwa kwanza, matumizi yakafuata. Wenyeji waliniambia malori ya usiku hayajaisha. Sikushangaa. Ila mama mmoja aliyekuwa anachota alinionyesha jinsi anavyopanda sukumawiki kwenye kingo Oktoba, na mimi nikiwa na hesabu zangu za madumu kichwani nilinyamaza.

Tuliporudi kwenye mambo yetu, kijiji kiliitisha mkutano. Nilikwenda, nikasalimia mbukwenyi, nikakaa nyuma kama mtu mwenye kosa. Mjadala ulikuwa mgumu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu aliyesimama kuutetea mchanga alikuwa binamu yangu. Alizungumza vizuri. Alisema mtama hauna bei, alizeti mwaka ule ilikauka, na chepe linampa hela siku hiyo hiyo. Alisema amelipa ada ya shule ya mdogo wake kwa mchanga. Akamgeukia baba yake: "Baba, wewe mwenyewe bati zako zimetoka wapi?" Watu wakacheka, mjomba naye akacheka, maana bati zilitoka huko huko.

Walichokubaliana si sheria, ni makubaliano ya kijiji tu, na wakili mzuri angeyachana dakika tano. Wazee walikwenda korongoni na nondo, wakapiga kutoka juu hadi chini kwa siku mbili, vijana wakiwasaidia. Walikuwa wanatafuta mahali mwamba unapokatiza chini ya mchanga, pale maji yanapozuiwa yasiteremke. Walipata sehemu tatu. Juu ya kila sehemu, hatua mia mbili, hapapakiwi. Chini yake, ambako mchanga umekaa juu ya tabaka la kichanga lisiloshika kitu, pakieni, lakini msizidi urefu wa mpini wa chepe. Mwenye leseni, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikubali kwa maneno na kuomba wasimwekee mawe njiani.

Imefanya kazi? Nusu. Kuna tipa za usiku ambazo si zake wala za yeyote anayejulikana. Sehemu moja kati ya tatu imeshaliwa.

Septemba iliyopita nilikwenda. Mjomba alinipa nyundo, akasema ameanza kuchoka mabega. Tulianza na sehemu iliyoliwa. Nilipiga, nondo ikashuka mkanda wa kwanza, wa pili, halafu ikalia, ngaa, na mikono ikanifa ganzi. Mwamba. Tukaivuta: vijino vyote vitupu, vimeng'aa, hakuna hata chembe iliyonata. Mjomba aliipangusa kwa shati kama mtu anayefuta miwani na hakusema kitu. Tukapanda juu kama robo saa mpaka sehemu ya pili. Pale ilizama bila kelele hadi mkanda wa nne, na ilipotoka ilikuwa imevaa mchanga mweusi, baridi, kuanzia mkanda wa tatu hadi ncha. Mjomba alikwangua kidogo kwa ukucha akauonja.

Tuliketi kwenye kivuli cha mgunga kungoja shimo lijae. Binamu yangu alikuwa ng'ambo na wenzake wanne, wanasubiri tipa. Alinipungia mkono.

"Na ule ukuta wa uzio uliosema," mjomba akaniuliza, "umeshaanza?"

"Bado, mjomba."

"Utahitaji tripu ngapi?"

Nikamwambia fundi amekisia sita. Akatikisa kichwa, akachukua kata, akaingia shimoni taratibu akishikilia ukingo, mguu mmoja kwanza.

"Ukianza utanipigia," sauti yake ilisema kutoka chini.